Adapta Haibadili Umeme: Hatari Mpya kwa Vifaa vya Msafiri

Anayejiandaa kusafiri nje ya nchi huulizwa na ndugu zake habari za viza, za sweta na za fedha za matumizi. Likija suala la umeme, swali huwa moja: "Umebeba adapta?" Ni swali jema, ila halifiki kwenye kiini. Adapta hubadili umbo la plagi ili iingie kwenye tundu la ugenini. Umeme wenyewe hupita humo na volti zile zile zilizotoka ukutani, ukakifikia kifaa, kiwe tayari kuupokea au kisiwe tayari.

Hoja ya makala haya ni kwamba hatari imehama na tahadhari zetu zimebaki pale pale. Vile tunavyovihofia zaidi, yaani simu, kishikwambi na kompyuta mpakato, leo ndivyo vinavyovumilia umeme wa karibu kila nchi. Vinavyoungua ni vile tunavyovitia sandukuni bila kuwaza: mashine ya kunyolea, draya ya nywele, pasi, ekstensheni, kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imetumika. Na simu inapokufa safarini, aghalabu chanzo ni chaja bandia, soketi iliyolegea au umeme uliokatika na kurudi kwa kishindo. Anayezijua hatari hizi kwa mpangilio wake atatumia fedha kidogo na kulinda vingi.

Dunia iligawanyika vipi

Mwaka 1882 Thomas Edison alifungua kituo cha Pearl Street mjini New York, kikisambaza umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 110 hivi, kiwango kilichozifaa taa za wakati ule. Mkondo geu, yaani umeme unaokwenda na kurudi, ulipoushinda umeme wa Edison katika miaka ya 1890, Marekani ilibaki na volti za chini, kwa kuwa nyumba nyingi zilikwisha kufungwa taa za hesabu hiyo. Ng'ambo ya pili ya Atlantiki, kampuni ya umeme ya Berlin iliamua mwaka 1899 kupandisha volti hadi 220. Sababu kubwa ilikuwa shaba. Volti zikiongezeka maradufu, mkondo unaohitajika kwa kazi ile ile hupungua nusu, na nyaya zilizokwisha kuzikwa chini ya barabara huweza kuhudumia wateja wengi zaidi. Ulaya ikaifuata Berlin.

Mgawanyiko wa pili ni wa kasi ya umeme kwenda na kurudi, inayopimwa kwa hezi. Japani inaonyesha jinsi uamuzi mdogo unavyoweza kudumu. Tokyo ilinunua mitambo ya AEG ya Ujerumani mwaka 1895, ya hezi 50. Mwaka uliofuata Osaka ikachukua ya General Electric ya Marekani, ya hezi 60. Nchi ikagawanyika nusu kwa nusu hadi leo. Tsunami ya Machi 2011 ilipoangusha mitambo ya mashariki, magharibi haikuweza kusaidia ilivyohitajika, maana vituo vya kubadilisha hezi 60 kuwa 50 vilikuwa na uwezo mdogo.

Kwetu, ramani ya soketi ni ramani ya wakoloni. Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi mfumo wa Uingereza: volti 230 hadi 240, hezi 50, na plagi ya pini tatu bapa iliyowekewa kiwango cha BS 1363 mwaka 1947. Oman, Imarati na Qatar nazo hutumia plagi hiyo. Rwanda, Burundi na Kongo zilirithi mkono wa Ubelgiji: volti karibu zile zile, lakini plagi za pini za mviringo. Mfanyabiashara anayetoka Ngara na kuvuka Rusumo kwenda Kigali anabadilisha tundu tu. Umeme ni ule ule. Ndugu yake anayetua Minneapolis au Toronto anabadilisha kila kitu, maana huko ni volti 120 na hezi 60.

Juhudi za kuunganisha dunia zimekuwapo. Tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, IEC, iliyoasisiwa London mwaka 1906, ilipendekeza plagi moja ya dunia mwaka 1986. Brazil na Afrika Kusini zilijenga viwango vyao juu ya pendekezo hilo, lakini nchi nyingine kubwa hazikufuata. Soketi ikishajengwa ukutani mwa mamilioni ya nyumba, hakuna serikali inayotamani kuwaambia wananchi wazing'oe.

Maandishi madogo yenye neno kubwa

Ulinzi wa kwanza haununuliwi dukani, upo kwenye chaja yenyewe. Ukiigeuza utakuta maandishi madogo: INPUT 100-240V~ 50/60Hz. Ukiyaona hayo, basi chaja hiyo inakubali umeme wa Japani wenye volti 100, wa Marekani wenye 120, wa Ulaya wenye 230 na wetu. Inachohitaji ni umbo la plagi tu.

Uwezo huo una sababu. Chaja za zamani zilikuwa nzito kwa kuwa ndani yake mlikuwa na transfoma ya chuma na shaba iliyosukwa kwa volti za nchi moja. Chaja za sasa hunyoosha kwanza umeme wa ukutani, kisha huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo sana. Saketi ya ndani hupima kinachotoka na kurekebisha mikato hiyo papo hapo. Ukutani ziwe volti 100 au 240, simu hupata volti 5 au 9 inazozitaka.

Kazi imerahisishwa zaidi na waya wa USB-C. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022 kwamba simu, vishikwambi na kamera zinazouzwa humo kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 ziwe na tundu hilo, na kompyuta mpakato zifuate kuanzia Aprili 2026. Kwa msafiri faida ni kubwa: anaweza kubeba waya wake na kununua kichwa cha chaja huko aendako, chenye plagi ya huko, bila adapta yoyote katikati.

Lakini soma kila kifaa peke yake. Ukikuta imeandikwa 220-240V tu, au 120V tu, hapo ndipo pa kusimama. Kompyuta nyingi za mezani zinazoletwa zikiwa zimetumika zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye alama za 115 na 230. Iliyotoka Marekani huenda bado imewekwa 115. Ukiichomeka Kariakoo au Luthuli Avenue kabla ya kuisogeza swichi hiyo, kapasita za ndani hupokea volti maradufu ya zinazostahimili, na hupasuka kwa mlio. Hasara hiyo huzuilika kwa bisibisi na nusu dakika.

Tundu moja, volti tatu

Wengi huamini kwamba plagi ikiingia kwenye tundu bila shida, basi umeme unafaa. Imani hiyo ndiyo inayounguza. Chukua plagi ya pini mbili bapa, ile ya Marekani. Inaingia ukutani Tokyo, na humo mna volti 100. Inaingia New York, na humo mna 120. Inaingia pia Guangzhou, mji wanaouendea wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki, na humo mna volti 220. Aliyenunua draya ya nywele Texas hatahitaji adapta hotelini Guangzhou. Itaingia vizuri kabisa, na itaungua vizuri kabisa.

Saudi Arabia ni kisa kingine kinachowagusa watu wetu kila mwaka, mahujaji na wanaokwenda Umra. Kwa miaka mingi nchi hiyo ilikuwa na volti 127 na 220 katika mitaa ile ile, hata katika jengo moja, na sasa inahamia 230. Hezi zake ni 60, tofauti na za majirani zake wa Ghuba. Katika jengo la zamani, hujaji mwenye birika la umeme au pasi aulize wenyeji kabla ya kuchomeka, kwa sababu sura ya tundu haitamwambia.

Kinyume chake pia ni kweli. India hutumia plagi nene ya pini tatu za mviringo, ambayo bado ipo katika baadhi ya nyumba za zamani za pwani yetu, na umeme wake ni volti 230 na hezi 50 sawa na wa Tanzania. Mgonjwa anayekwenda kutibiwa Chennai au Mumbai na mashine yake ya kuvutia dawa ya pumu hahitaji transfoma. Anahitaji adapta nzuri tu, yenye pini ya tatu iwapo mashine yake ina pini ya tatu.

Vinavyopasha na vinavyozunguka

Vifaa vya kupasha moto ndivyo vilivyo katika hatari kubwa kuliko vyote, kwa sababu ya hesabu moja isiyosamehe. Nguvu inayotumika katika waya wa kupasha hukua kwa mraba wa volti. Ukizidisha volti mara mbili, joto huzidi mara nne. Draya ya Marekani ya wati 1,200 kwa volti 120, ikichomekwa kwenye volti 230, hulazimishwa kutoa wati karibu 4,400. Haikujengwa kwa hilo; waya wa ndani huyeyuka, na plastiki huweza kushika moto. Safari ya kinyume haina madhara bali haina maana: birika la hapa la wati 2,000 huko Boston litatoa wati 540 hivi, na chai itasubiriwa sana.

Vifaa vyenye mota huongeza tatizo la hezi, ambalo transfoma hailiondoi. Mfano ulio hai kwetu ni mashine za kunyolea zinazotumwa na ndugu walioko Marekani. Zile za sumaku hukata kwa kufuata mwendo wa umeme: mara 7,200 kwa dakika kwenye hezi 60, mara 6,000 kwenye hezi 50. Kinyozi akiichomeka moja kwa moja, volti huiunguza mara moja. Akinunua transfoma ya kushusha volti hadi 120, mashine itawaka, lakini itakata kwa kasi ndogo, na koili yake hupata joto zaidi, kwa kuwa chuma cha sumaku hulemewa hezi zinaposhuka. Feni nyingi, majokofu ya kawaida na saa za zamani za ukutani zina shida ya aina hiyo. Saa iliyotengenezwa kwa hezi 60 huchelewa dakika 10 kila saa ikiletwa kwenye hezi 50.

Je, transfoma inafaa lini? Inafaa kwa kifaa cha thamani kisichopatikana kwa volti za huku, kitakachokaa mahali pamoja: cherehani nzuri, ala ya muziki, kifaa cha maabara. Uwezo wa transfoma uzidi wati za kifaa kwa nafasi ya kutosha. Kwa draya au pasi, transfoma inayoiweza huwa na uzito wa kilo nyingi na bei inayoshinda ya kifaa kipya. Vile vibadilishi vyepesi vya wasafiri vinavyodai kubeba wati zaidi ya elfu mara nyingi huukata umeme vipande tu. Vimekusudiwa vitu vya kupasha, na huweza kuharibu vifaa vya elektroniki. Kwa hiyo ushauri wangu ni wa wazi: kifaa cha kupasha moto kisivuke mpaka wa volti. Kinunuliwe kule kitakakotumika, na aliyeko ng'ambo akitaka kuleta zawadi ya namna hiyo, atume fedha.

Fyuzi, pini ya tatu na kijiti

Tabia mojawapo iliyozoeleka Afrika Mashariki ni kuingiza kijiti au kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili za mviringo iingie chini. Wanaofanya hivyo wanajua kwamba tundu la juu ndilo linalofungua vizuizi vya yale mawili ya chini. Wasichojua ni kile ambacho kizuizi hicho hulinda. Kinazuia vidole vya mtoto na kinahakikisha kwamba pini ya ardhini imetangulia kuungana. Pia pini za mviringo haziko sawa na matundu bapa kwa unene wala kwa nafasi. Zinagusa kidogo tu, mahali hapo hupata joto, cheche huruka, na chaja hupokea umeme unaokatika na kurudi mara nyingi kwa sekunde. Siku nyingi za cheche hizo huiua chaja, na huweza kuichoma nyumba.

Plagi ya kiwango cha 1947 ina fyuzi ndani yake, na sababu yake inafaa ijulikane. Waingereza, wakiwa na uhaba wa shaba baada ya vita, walifunga soketi nyingi za nyumba kwenye mzunguko mmoja wenye kinga ya ampea 30. Mkondo huo ni mkubwa mno kwa waya mwembamba wa taa au redio, ndiyo maana kila plagi ikapewa fyuzi yake. Adapta ya bei rahisi isiyo na fyuzi huondoa kinga hiyo. Unaponunua, tafuta yenye fyuzi. Iepuke ile yenye tundu moja pana linalodai kupokea plagi za dunia nzima, kwa sababu tundu linaloshika kila pini haliishiki yoyote barabara.

Waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, nao husahaulika. Anayetumia kompyuta mpakato yenye bodi ya chuma kwa plagi ya pini mbili huhisi mtetemo mdogo mkononi. Unatokana na kapasita ndogo za ndani ya chaja zinazopitisha mkondo mdogo sana kwenye bodi. Kwa kawaida hauna hatari, na hutoweka ukitumia waya wenye pini ya tatu kwenye soketi yenye ethi ya kweli. Chaja bandia huweza kukupa kitu tofauti kabisa. Katika chaja halisi, upande wa ukutani na upande wa simu hutengwa kwa milimita kadhaa na kwa utandu madhubuti. Katika nyingi za bandia utengano huo umebanwa ili kupunguza gharama, na volti 230 zikivuka hufika kwenye waya unaoushika.

Umeme wa nyumbani ndio mgeni mkali

Wanaorudi likizo kutoka Ulaya na Amerika huhofia umbo la soketi, ilhali kinachostahili hofu ni kutotulia kwa umeme. Volti zikiwa chini, chaja ya 100-240V haiathiriki. Friji ndiyo inayoumia, kwa sababu mota yake hushindwa kuanza na hubaki ikinguruma na kupata joto. Balaa la chaja ni volti kuzidi. Waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo au ukilegea kwenye mita, nyumba zilizo kwenye laini ya fezi tatu huweza kupokea volti zinazokaribia 400. Hapo alama ya 100-240V haina msaada. Umeme unaporudi baada ya kukatika, nao huweza kuyumba kwa muda kabla ya kutulia.

Kinga iliyo bora haina gharama: umeme ukikatika, chomoa, na usichomeke tena mpaka zipite dakika chache. Kwa vifaa vinavyokaa, kinga za friji na televisheni zinazouzwa kila mtaa wa vifaa vya umeme hufanya kazi hiyo zenyewe. Hukata volti zikizidi au zikipungua, na husubiri kabla ya kurudisha. Wakati wa radi, chomoa kabisa. Ukanda wa Ziwa Victoria na mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na hakuna kinga ya bei ya kawaida inayohimili radi iliyopiga karibu na laini.

Kuna zawadi moja ya kukataa kwa heshima: ekstensheni ya Marekani yenye kinga ya kupanda kwa umeme. Ndani yake mna kipande kinachokaa kimya kwenye volti 120 na kupitisha mkondo volti zikizidi kiwango fulani. Kwenye volti 230 za huku hujiona kipo katika dharura isiyoisha. Huchemka na huweza kuwaka moto. Kifaa kilichoundwa kulinda ndicho kinachoanzisha ajali.

Betri angani

Pawabenki humkomboa msafiri kutoka kwenye soketi mbovu, lakini ina sheria zake. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka iwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloshushwa chini ya ndege, ili ikishika moto wahudumu waione. Hadi wati-saa 100 inakubalika. Kati ya 100 na 160 huhitaji ruhusa ya shirika la ndege. Hesabu yake ni rahisi: zidisha mAh kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya mAh 20,000 ni wati-saa 74. Ya 30,000 ni 111, na inahitaji ruhusa.

Mwaka 2025 masharti yalikazwa. Januari, ndege ya Air Busan iliungua ikiwa uwanjani Gimhae, Korea Kusini, na uchunguzi ulitaja pawabenki kuwa chanzo kinachowezekana. Juni, China ilizuia katika safari zake za ndani pawabenki zisizo na alama yake ya usalama, 3C. Kuanzia tarehe 1 Oktoba, Emirates, inayobeba abiria wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe, iliruhusu pawabenki moja kwa kila abiria na kukataza kuitumia ndani ya ndege. Anayeunganisha safari Dubai kisha Guangzhou anapaswa kukidhi masharti yaliyo makali zaidi njiani.

Nani abebe mzigo

Mwenye fedha kidogo aanze na chaja halisi, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha mwili wake na ukuta. Kisha anunue adapta ya nchi moja anayokwenda, yenye fyuzi na pini ya ardhini. Kinga ya friji iwe ya tatu. Transfoma iwe ya mwisho, na wengi hawataihitaji kamwe.

Hata hivyo si haki kumwachia msafiri kazi yote. Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya, KEBS, yana mamlaka ya kuzuia ekstensheni zenye matundu ya kila plagi na adapta zisizo na fyuzi, na udhibiti huo unapaswa kuonekana madukani. Muuzaji wa vifaa vilivyotumika anapaswa kubandika volti za kifaa kwa maandishi makubwa, kwa kuwa yeye anajua kimetoka wapi na mnunuzi hajui. Vikundi vinavyoandaa safari za Hija na wanaopeleka wagonjwa India viweke volti na umbo la plagi kwenye karatasi ile ile ya chanjo na mizigo. Umeme wa dunia hautakuwa mmoja katika maisha yetu. Kuwajulisha watu tofauti zake kabla hawajachomeka ni kazi inayowezekana sasa, na kila anayeuza, anayedhibiti au anayesafirisha ana sehemu yake.